Zimepokelewa krediti 90, shahada iko pale pale

Vyuo vikuu vya Marekani vinavyofundisha kwa mtandao vimezoea kujinadi kwa namba moja: 90. Southern New Hampshire University hupokea hadi krediti 90, yaani vipimo vya uzito wa kozi, kutoka nje kwa shahada ya kwanza ya krediti 120, University of Maryland Global Campus nacho hivyo hivyo. Upande wa pili wapo wauzaji wa kozi za kulipia kwa mwezi, Sophia na Study.com wakitajwa kuliko wengine, ambako mwanafunzi mwenye bidii anaweza kumaliza kozi kadhaa kabla malipo ya mwezi hayajaisha. Ukiziweka pande hizo mbili pamoja, hesabu inayosambaa kwa kasi miongoni mwa wanaotaka shahada ya sayansi ya kompyuta ni hii: robo tatu unaisoma nje kwa bei nafuu, robo moja tu ndiyo unayoilipia chuoni. Hesabu hiyo ina kosa, na kosa hilo linawagharimu watu mihula mizima. Idadi ya krediti zilizopokelewa haiamui shahada itachukua muda gani wala itagharimu kiasi gani. Kinachoamua ni zinaangukia wapi katika mpango wa masomo, na kama zimeufupisha mnyororo wa kozi tangulizi au zimeuacha ulivyokuwa.

Tuanze na namba yenyewe. Wengi huichukulia 90 kuwa ukarimu wa chuo, kumbe ni dari tu. Vyombo vya ithibati vinataka sehemu ya shahada ifundishwe na chuo kinachoitoa. SACSCOC, kwa mfano, kinachosimamia vyuo vya majimbo ya kusini, kinadai angalau asilimia 25 ya krediti za shahada ya kwanza zitoke katika mafundisho ya chuo husika. Robo ya 120 ni 30, zinabaki 90. Maana yake chuo kimetangaza kiwango cha juu ambacho hakitakivuka, lakini hakijaahidi kwamba krediti zako 90 zitafika huko. Kati ya dari na anachokipata mwanafunzi kuna maamuzi mawili yanayofanywa na watu tofauti. Msajili huamua kama krediti ipokelewe: chanzo chake kina ithibati au mapendekezo yanayotambulika, alama inatosha, transkripti, yaani rekodi rasmi ya kozi na alama, imetoka kwenye chanzo moja kwa moja. Kisha idara, au jedwali la ulinganisho ambalo idara imeliidhinisha, huamua inatimiza sharti gani. Uamuzi wa kwanza ndio unaotangazwa. Uamuzi wa pili ndio unaompa mtu shahada.

Chukua masharti ya ABET, chombo cha ithibati ya programu za kompyuta na uhandisi. Si kila shahada ya mtandaoni ina ithibati hiyo, ila hata nyingi zisizo nayo zimejengwa kwa umbo linalofanana. Programu ya sayansi ya kompyuta inatakiwa iwe na angalau krediti 40 za kompyuta, 15 za hisabati zikiwemo za hisabati diskreti, na 6 za sayansi asilia. Jumla ni 61. Katika krediti 120 zinabaki 59 kwa elimu ya jumla na kozi za hiari. Sasa aje mtu na krediti 90 za saikolojia, historia, mawasiliano, utangulizi wa biashara na usimamizi wa miradi. Msajili anaweza kuzipokea zote bila kusita, lakini nafasi za kuzipokelea ni 59. Zile 31 zilizosalia zitakaa kwenye transkripti kama ziada isiyotimiza sharti lolote. Mtu huyo anaamini amebakiza krediti 30, kumbe amebakiza 61, na zote ni zile ngumu.

Na hata hizo 61 haziwezi kusomwa kwa mpangilio wowote, maana zimefungamana. Katika vyuo vingi mnyororo unakwenda hivi: programu ya kwanza, programu ya pili inayoingiza vitu (objects) na madaraja (classes), miundo ya data, usanifu wa kompyuta, mifumo endeshi, halafu mradi wa mwisho. Pembeni unapita mnyororo mwingine, kutoka aljebra hadi kalkulasi na hisabati diskreti, unaokutana na wa kwanza kwenye kozi ya algoriti. Pete sita zinazofuatana haziwezi kusomwa katika mihula minne, hata mwanafunzi awe na akili kiasi gani na hata chuo kimepokea krediti ngapi za historia. Kwenye mihula ya wiki 15, miwili kwa mwaka, pete sita ni miaka mitatu. Kwenye vyuo vya vipindi vya wiki nane ni wiki 48 kwa uchache, na hapo tunadhani kila kozi inafunguliwa kila kipindi, jambo ambalo kwa kozi za ngazi ya juu ni nadra. Mwenye krediti 30 tu, lakini zenye kalkulasi, hisabati diskreti, programu ya kwanza na ya pili na miundo ya data, anaweza kuhitimu wakati mmoja na yule wa 90 au hata kabla yake. Amekata pete tatu, na mwenzake hajagusa hata moja.

Wanaotetea uhamisho mkubwa wana hoja nzito, na sioni haki kuipuuza. Mwaka 2017 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, GAO, ilikadiria kwamba wanafunzi waliohama vyuo kati ya 2004 na 2009 walipoteza kwa wastani asilimia 43 ya krediti zao. Hizo zilikuwa krediti za vyuo halisi, zilizolipiwa ada kamili, mara nyingi kwa mikopo. Walioteseka zaidi ni wale ambao maisha yao hayaruhusu kukaa chuo kimoja miaka minne. Kwa mtu kama huyo, chuo kinachopokea krediti kwa wingi kinamrudishia haki aliyokuwa amenyimwa. Vilevile si kweli kwamba kupima maarifa nje ya darasa ni jambo lililozuka juzi. American Council on Education, baraza lililoundwa 1918, lilikuwa likitathmini mafunzo ya askari tangu enzi za Vita vya Pili vya Dunia, na mitihani ya CLEP ya College Board ipo tangu 1967. Atakayepata 50 katika mtihani wa CLEP wa aljebra ya chuo, kwenye kipimo cha 20 hadi 80, ameonyesha anachokijua, na ada ya mtihani haizidi dola 100 ukiacha tozo ya kituo.

Hoja dhaifu ya upande huu ni ile inayosema kwamba kozi ikishapendekezwa na American Council on Education, chuo hakina budi kuipokea. Hakuna kitu kama hicho. Baraza halitoi krediti, linapendekeza tu: kozi hii inafanana na krediti tatu za ngazi ya chini ya shahada, basi. Chuo kina uhuru wa kukubali, kukataa, kupunguza, au kuipokea kama kozi ya hiari. Ndiyo maana kozi ile ile inaweza kutimiza sharti la hisabati diskreti katika chuo kimoja na kugeuka ya hiari kwingine. Orodha za kozi zinazokubalika hubadilika pia. Jedwali la mwaka jana si mkataba. Anayenunua kozi kwanza na kutafuta chuo baadaye anacheza bahati nasibu na muda wake.

Upande wa pili wapo wanaosema krediti za nje, hasa za kozi za mwezi, zinaishusha thamani shahada nzima kwa sababu mtu amezipata upesi mno. Hii naiona kuwa hoja dhaifu kuliko zote. Haraka si kipimo cha elimu. Western Governors University, chuo kilichoanzishwa 1997 na magavana wa majimbo ya magharibi, kimejengwa juu ya wazo kwamba mwanafunzi asonge mbele pindi anapothibitisha umahiri, na kina ithibati sawa na vyuo vingine. Mhasibu aliyefanya kazi miaka kumi na kumaliza kozi ya misingi ya uhasibu kwa siku nne hajadanganya mtu. Kwa kozi nyingi za elimu ya jumla hakuna kinachojengwa juu yake baadaye katika shahada hii: mifumo endeshi haimuulizi mtu alisoma sosholojia kwa wiki 15 au kwa wiki moja.

Lakini ndani ya hoja hiyo mbovu kuna chembe ya kweli, nayo inahusu zile kozi za uti wa mgongo. Mfikirie mwanafunzi aliyehamisha miundo ya data aliyoisoma kwa Python, ambako orodha na kamusi zimo tayari ndani ya lugha, na maswali yake ya mtihani yalikuwa ya kuchagua jibu. Anaingia mifumo endeshi inayofundishwa kwa C. Wiki ya pili anapewa kazi ya kuandika orodha fungamani (linked list): atenge kumbukumbu kwa malloc, aunganishe vielekezi (pointers), aondoe kipengele cha katikati, kisha aiachie kumbukumbu kwa free. Programu inaanguka kwa kugusa kumbukumbu isiyo yake, na ujumbe unaotokea hautaji hata mstari wenye kosa. Mwenzake aliyepitia kozi tangulizi ya chuo hicho anafungua gdb, chombo cha kusaka makosa, anatazama kielekezi kilichokuwa tupu, anaendelea. Yule aliyehamisha hajui kama chombo hicho kipo. Hakuhitaji akili zaidi, alihitaji wiki kumi na tano za kukosea katika lugha hiyo, na krediti yake imemwondolea nafasi ya kuzipata. Hali ni hiyo hiyo kwa hisabati diskreti iliyopita juu juu ya uthibitisho kwa induksheni: pengo halionekani mpaka kozi ya algoriti inapodai athibitishe kwamba mbinu yake ya kuchagua kwa pupa inatoa jibu bora daima.

Kwa hiyo kozi zenye faida kubwa zaidi kuhamishwa ndizo pia zenye hatari kubwa zaidi zikihamishwa vibaya. Msimamo wangu ni kwamba zihamishwe, ila zitoke mahali panaposahihisha kazi yenyewe. Chuo cha jamii (community college) chenye maabara, mradi wa msimbo kila wiki mbili na mtihani unaosimamiwa kinafaa kwa programu ya pili, miundo ya data na kalkulasi, na ada yake kwa kawaida ni ndogo. Kabla ya kujiandikisha huko, muulize mshauri wa chuo unakokwenda kozi zake za juu zinatumia lugha gani, kisha chukua kozi tangulizi ya lugha hiyo hiyo. CLEP na kozi za mwezi zipewe elimu ya jumla, aljebra, na takwimu za utangulizi pale zinapokubalika. Algoriti, mifumo endeshi na mradi wa mwisho ziachwe chuoni. Hizo mara nyingi hutakiwa ziwe za ngazi ya juu, na kozi ya chuo cha jamii, hata ikifanana kwa silabasi, huhesabiwa kuwa ya ngazi ya chini.

Upo pia mtego wa vipimo. Vyuo vinavyotumia robo za mwaka badala ya mihula hugeuza krediti kwa kuzidisha na theluthi mbili. Kalkulasi ya krediti 4 za robo inageuka 2.67. Sharti likiwa krediti 3, baadhi ya vyuo huangalia maudhui na kupitisha, vingine humdai mwanafunzi sehemu iliyopungua, naye hulazimika kuchukua kozi nzima ya kuziba pengo la theluthi moja. Dawa ni kuhamisha mfuatano ukiwa kamili, robo tatu zote za kalkulasi, zinazotoa krediti 8 za muhula, badala ya kuleta robo moja moja. Kwa aliyesoma nje ya Marekani hesabu ni nyingine: mwaka kamili wa Ulaya ni krediti 60 za ECTS, wa Uingereza ni 120, na wote huhesabiwa karibu na 30 za Marekani. Huyo atahitaji tathmini ya kozi kwa kozi kutoka taasisi inayotambuliwa na chuo, mara nyingi mwanachama wa NACES, chama cha watathmini wa vyeti vya nje. Tathmini ya jumla inayosema tu kwamba ana shahada haitamsaidia kupata sharti hata moja.

Umri wa krediti nao huuma. Kalkulasi haizeeki, lakini kozi za kompyuta vyuo vingi huziwekea kikomo, miaka mitano au kumi. Nazo krediti za CLEP na za mapendekezo huingia kama za kufaulu tu, bila alama. Haziharibu wastani wa alama (GPA) wala haziupandishi. Anayeomba shahada ya uzamili anajikuta wastani wake wote umebebwa na kozi ngumu kumi au kumi na tano, bila zile nyepesi za kuusawazisha. Programu ya uzamili ya mtandaoni ya Georgia Tech, iliyoanza 2014, inapendelea waombaji wenye wastani wa 3.0 au zaidi, na kamati kama hizo husoma transkripti mstari kwa mstari kutafuta miundo ya data na algoriti zina alama gani. Mwenye nia ya kuendelea asizihamishe hizo kama krediti zisizo na alama.

Upande wa fedha ndio unaoeleweka vibaya kuliko yote. Katika chuo kinachotoza kwa krediti, kila krediti iliyotumika ni fedha iliyookolewa moja kwa moja, na hesabu ni rahisi. Katika chuo kinachotoza ada bapa kwa kipindi, kama Western Governors kinavyofanya kwa kila miezi sita, kozi moja ya nje haiokoi hata senti mpaka ipunguze kipindi kizima. Mwanafunzi aliyelipia miezi miwili ya kozi za mwezi, karibu dola 200, ili aondoe kozi mbili nyepesi ambazo angezimaliza ndani ya kipindi alichokwisha kukilipia, ametumia fedha bila kupata kitu. Angewekeza muda huo kwenye kozi inayomzuia kuingia nyingine angekuwa mbali.

Halafu kuna ruzuku ya serikali kuu ya Pell. Kiwango chake cha juu kwa mwaka wa masomo 2025–26 ni dola 7,395, na hailipii kozi za mwezi zilizonunuliwa nje. Hulipwa kulingana na krediti anazosoma mtu katika muhula, 12 zikiwa ndiyo mzigo kamili, na kozi zisizohitajika kwa shahada yake hazihesabiwi. Aliyehamisha elimu ya jumla yote anafika chuoni akiwa na kozi mbili tu anazoruhusiwa kuzisoma, kwa sababu nyingine zote zinasubiri hizo mbili. Ana krediti 6, na ruzuku ya muhula inakatwa nusu. Hana tena kozi ya sanaa au ya uandishi ya kujazia. Muhula unaofuata, mnyororo ukifunguka, anajikuta na kozi nne nzito kwa pamoja, na hapo ndipo wengi huanguka. Kozi nyepesi zilikuwa na kazi ya kupunguza uzito wa muhula. Ni busara kubakiza tatu au nne, moja kwa kila muhula wenye kozi ngumu. Tena sheria za ruzuku huhesabu krediti zilizopokelewa kwa ajili ya programu kama zilizojaribiwa na kukamilishwa, na mwisho wa kujaribu ni asilimia 150 ya urefu wa programu, yaani 180 kwa shahada ya 120. Aliyeingia na 90 amebakiza 90 za kujaribu, na kama sehemu yake ni ziada isiyotimiza sharti, nafasi yake ya kurudia kozi imepungua.

Kazi ya kupanga basi ianze mwishoni. Pata mpango wa shahada wa mwaka wa katalogi utakaokuhusu, kisha chora kozi zote za kompyuta na hisabati na mishale ya nani anamtangulia nani. Tafuta njia ndefu kuliko zote, hesabu pete zake, zidisha na urefu wa kipindi cha chuo; hiyo ndiyo tarehe ya mapema kabisa ya kuhitimu. Kozi ya nje isiyo kwenye njia hiyo haisogezi tarehe hata siku moja, inapunguza gharama tu, na pengine hata hiyo haipunguzi. Baada ya hapo fungua jedwali la ulinganisho la chuo, uandike kando ya kila sharti chanzo kinachokubalika na namba ya kozi yake, na umwombe mshauri athibitishe kwa barua pepe: simu haina ushahidi. Transkripti zitumwe na chanzo chenyewe. Vyuo vyote ulivyowahi kusoma ni lazima uvitaje, hata palipoharibika, lakini alama za CLEP unaweza kutozituma kama kozi unataka kuisoma upya. Zingatia pia kwamba baadhi ya vyuo hufunga mlango wa uhamisho siku muhula wa kwanza unapoanza. Kinachoachwa kwa ajili ya baadaye hakiingii tena. Krediti ikitupwa kwenye kozi za hiari wakati inastahili kutimiza sharti, kata rufaa ukiambatanisha silabasi yenye mada za kila wiki, kitabu kilichotumika, idadi ya saa na mfano wa kazi zilizosahihishwa. Maelezo ya mistari mitatu kutoka kwenye katalogi hayamshawishi mwalimu wa idara.

Sehemu kubwa ya mzigo huu haikupaswa kumwangukia mwombaji. Chuo kina mpango wa shahada, kina mishale ya kozi tangulizi, kina jedwali la ulinganisho, na kinajua kozi gani inafunguliwa muhula gani. Kwa data hizo kinaweza kumpa mwombaji, kabla hajalipa chochote, karatasi yenye namba tatu: krediti zako zilizopokelewa, zinazotimiza sharti, na mihula iliyobaki kwa mnyororo mrefu kuliko yote. Wanaotoa ithibati wanadai vyuo viweke sera za uhamisho hadharani. Wangedai na namba hizo mbili za mwisho zitolewe kwa maandishi pamoja na barua ya kukubaliwa, ili mwombaji aweze kulinganisha vyuo viwili kabla hajasaini mkopo.